Mrejesho: tope la majitaka kwenye machimbo ya kokoto

Ndugu zangu, niliuliza iwapo tope la mabwawa ya majitaka linaweza kufufua machimbo ya kokoto yaliyoachwa, nikaelekezwa kwenye mfano wa Palmerton, mji wa Pennsylvania, Marekani, ambako uyeyushaji wa zinki kuanzia 1898 hadi 1980 uliiacha miteremko ya Blue Mountain karibu tupu. Huko tope lilichanganywa na chokaa na majivu ya makaa ya mawe, kwa kuwa chokaa hupunguza tindikali ya udongo, na zinki na kadimiamu, metali zinazodhuru mimea zikizidi, zikawa haziifikii mizizi kwa urahisi. Tope lenyewe huleta naitrojeni, fosforasi na mboji.

Sisi, baada ya kupata kibali na majibu ya maabara, tulilianika mpaka likapasuka vipande, kisha tukalichanganya na kifusi kwenye sehemu ndogo ya mteremko. Nyasi zimeshika vizuri. Miche ya nyanya nayo imejiotea, kwani mbegu zake hupita tumboni mwa mtu salama na kuishia kwenye majitaka, lakini tumeing'oa yote, maana mayai ya minyoo hudumu muda mrefu kwenye tope na sitaki mtu achume. Kule juu, penye mwinuko mkali, mvua imesomba kila kitu. Msimu ujao tutaanza na matuta.