Ukoo wa Nalukolongo: nani anakwenda Kasubi Jumapili?

JUMANNE

Senga Mwajuma, 19:42
Assalamu alaikum ukoo. Mama Fahmi na watoto wanatoka Mombasa Ijumaa kwa basi, Mungu akipenda Jumamosi wako hapa. Jumapili tuwapeleke Kasubi, kwenye nyumba ya makaburi ya wafalme wa Buganda. Si kupita na kurudi, nataka tukae pale, na Jaja, bibi yenu, awe nasi. Kila mtu aandike anakuja na wangapi. Mwisho Alhamisi jioni.

Senga Mwajuma, 19:44
Gari na chakula ni 15,000 kwa mtu mzima, mtoto 5,000. Tumeni kwa simu ya Hakima.

Senga Mwajuma, 19:44
Kwa Hakima, nimesema.

Hamza, 21:30
Pilau ipo?

Senga Mwajuma, 21:31
Hamza, andika jina kwanza ndipo uulize pilau.

Hamza, 21:31
Hamza. Pilau ipo?

JUMATANO

Senga Mwajuma, 06:50
Mmeamkaje. Watu 17 mmesoma, amejibu Hamza peke yake. Banange, hata "siji" ni jibu.

Hakima Jinja, 07:05
Mimi nakuja, Senga. Nalala kwako Jumamosi.

Anko Juma, 09:15
Kwani ile nyumba si iliungua? Watoto wa Mombasa watakwenda kuangalia nini? Tuwapeleke Entebbe, kwenye bustani. Kuna mbega, kuna ziwa, kuna kivuli cha miti iliyopandwa tangu 1898. Mtoto hafurahii makaburi.

Mama Swabra, 09:16
Entebbe.

Mama Swabra, 09:16
Naomba mtu asinitajie Entebbe humu.

Hamza, 09:17
Sufuria 🙈

Swabra, 09:17
Hamza acha bwana

Anko Juma, 09:20
Shemeji, yale yalikwisha.

Mama Swabra, 09:24
Yalikwishia wapi? Siku ile ya kwenda Entebbe nilisimama Nakulabye tangu saa moja asubuhi hadi saa tano, sufuria la pilau nimelikalisha juu ya kigoda cha muuza chapati, watoto wananiuliza gari liko wapi. Koasta ikapita imejaa. Mtu akanipungia mkono dirishani! Pesa nilikupa mkononi, Juma, mbele ya Mwalimu. Pilau likaliwa na vijana wa boda wa pale stejini. Na hakuna aliyenipigia hata simu ya pole.

Senga Mwajuma, 09:31
Wifi, naomba hilo tuongee tukikutana. Leo nataka majina.

Mama Swabra, 09:32
Majina utapata. Gari nataka nilione kwa macho.

Senga Mwajuma, 12:48
Juma, umeuliza kuhusu kuungua. Acha niandike, maana Fahmi naye ameniuliza na sitaki ajibiwe juu juu.
Iliungua 2010, Machi 16, usiku wa Jumanne. Nilikuwa nimepanga chumba pale chini, karibu na soko la Kasubi. Nilikuwa nakanda unga. Nilisikia kwanza harufu, kama mtu anachoma shamba, nikatoka nje mikono ina unga nikaona juu ya kilima kumekuwa chekundu. Watu wanapanda kilima wanalia, wanaume wazima. Nyumba ile ni nguzo, matete na nyasi, moto ukishaingia humo unakula wenyewe. Kesho yake watu walipigwa risasi palepale kilimani, mnakumbuka. Mwaka huohuo UNESCO wakaiandika kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.
Imejengwa upya. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kwa sababu haikuwa kazi ya kuita fundi yeyote na mabati yake. Septemba 2023 wameitoa kwenye ile orodha ya hatari. Nimepita barabara ya Hoima mara ngapi natazama kile kilima, nasema nitapanda na mama yangu, nitapanda na mama yangu. Jaja hapandi ngazi za kwangu sasa bila kushikwa. Mnangoja nini?

Hamza, 12:55
Nimeweka jina mie

Hakima Jinja, 13:10
Senga, na kule nyuma kwenye mashamba tutafika? Nataka kuona mituba. Kuna mteja wangu anataka mkoba wa lubugo, kile kitambaa cha ganda la mtuba, nataka nijue linavyotoka mtini kabla sijaweka sindano.

Mwalimu Hassan, 13:26
Tutafika, mwanangu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanatazama nyumba kubwa, wanapiga picha, wanaondoka. Eneo la Kasubi ni zaidi ya hekta 26, na sehemu kubwa yake ni mashamba: migomba, miti ya dawa, mituba. Nyumba bila bustani yake haina nguo, kwa sababu hilo pazia la lubugo linaloficha makaburi ndani limetoka kwenye mti wa aina hiyohiyo.
Mtuba unachunwa ganda wakati wa mvua, ganda zima kwa mkupuo. Kisha shina linafungwa kwa majani ya mgomba, unaliona limezungushiwa kama mguu wa mgonjwa, lisikauke. Mti haufi. Unaota ganda jipya na mwaka unaofuata unachunwa tena. Lile ganda linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza ya mifereji mipana, mwisho ile nyembamba kabisa, mpaka linakuwa jepesi na pana, ukilianika juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. UNESCO waliutangaza ufundi huo 2005. Mweleze mteja wako hivyo, usimuuzie kama kitambaa cha kawaida.

Hakima Jinja, 13:30
Webale Mwalimu. Naandika yote.

Fundi Idi, 13:41
Samahani nani ana namba ya yule jamaa wa betri za gari

Senga Mwajuma, 13:41
Idi! Gari lako la viti 14, Jumapili, unatupa?

Senga Mwajuma, 17:20
Idi.

ALHAMISI

Senga Mwajuma, 07:02
Mpaka sasa: mimi, Hakima, Hamza, Mwalimu, Mama Fahmi na watoto watatu. Na Jaja. Ukoo mzima huu!

Swabra, 07:40
Mimi na mama tunakuja. Mama amesema niandike, yeye haandiki.

Mwalimu Hassan, 08:15
Mavazi. Wanawake gomesi au sketi ndefu na leso, wanaume suruali nzima. Hamza, nzima. Viatu vinavuliwa mlangoni. Ndani tunakaa chini kwenye mikeka, wanaume wakikunja miguu, wanawake miguu wakiilaza upande. Hakuna kusimama kama uko kituo cha basi.

Hamza, 08:17
Anko Idi na tumbo lile atakunja miguu saa ngapi 😂

Swabra, 08:17
Tutamkunja sisi 😂😂

Hamza, 08:18
Halafu nani atamkunjua

Hakima Jinja, 08:19
😂😂😂

Senga Mwajuma, 08:22
Mnacheka na gari halijapatikana. Pesa zimetumwa na watu watatu tu, Hakima ameniambia.

Hamza, 10:02
Mwalimu, kweli humo darini kuna duara 52? Rafiki yangu anasema ni za koo za Buganda. La kwetu ni lipi?

Mwalimu Hassan, 10:20
Ni kweli, pete 52 chini ya paa, kila ukoo na pete yake. Nyumba yenyewe, Muzibu Azaala Mpanga, upana wake ni kama mita 31, na ukikaa ndani unainua uso mita saba na nusu kuona kilele. Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, aliijenga 1882 kama ikulu, hakuijenga kuwa kaburi. Alipofariki 1884 akazikwa humohumo. Zamani mwili wa Kabaka ulizikwa sehemu moja, taya lake likawekewa nyumba yake mahali pengine. Yeye alizikwa mwili mzima, pamoja na taya. Baadaye wakamfuata Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili, wote wanne chini ya paa moja.
La kwetu? Babu yenu alikuja na reli kutoka Mombasa akaishia karakana ya Nalukolongo. Ukoo unafuata baba, kwa hiyo sisi pete hatuna pale. Jaja anayo.
Lakini Fahmi mwambieni hili: kabla reli haijafika Kisumu 1901, kabla ya Mwingereza yeyote kuhamia hapa, Muteesa alikuwa anazungumza Kiswahili na wafanyabiashara waliotoka Zanzibar. Alisoma Kiarabu, alifunga Ramadhani miaka kadhaa, alijengewa msikiti. Tohara aliikataa. Mtoto wa Mombasa asiingie pale akidhani lugha yake ni ngeni.

Anko Juma, 10:41
Taya kwenye nyumba yake?

Hamza, 10:42
Baba sasa umevutiwa eeh

Swabra, 14:05
Jaja ametuma sauti kwangu, hajui kuiweka humu. Ni dakika nne. Nimeiandika kwa wale wasio na muda, neno kwa neno:

"Mwajuma, nimesikia mnabishana. Mnaitaja Kasubi kama mnataja soko. Baba yangu alikuwa wa Ngeye. Kuezeka nyumba ile ni kazi ya Ngeye, nyasi zile haziguswi na ukoo mwingine, na mkubwa wao anaitwa Wabulaakayole. Baba alikuwa akiitwa anaondoka, akirudi viganja vimechanikachanika kwa nyasi, mama anampaka samli, hawezi kushika kikombe. Sisi wasichana tulikatazwa kusogea wakati wa kuezeka. Tulisimama mbali tunaona miganda inapanda. Mwaka 1971 Kabaka aliporudishwa kutoka Uingereza akazikwe, baba alinishika mkono tukaenda, na sikuona kitu ila migongo ya watu. Nikamuuliza, tumefuata nini? Akanionyesha paa. Akasema, pale, upande ule, ni mikono yangu.
Ilipoungua nilikwenda asubuhi kwa miguu. Nilitafuta upande ule. Hapakuwa na upande. Sijarudi tangu siku hiyo.
Nitakwenda Jumapili. Nikishakaa, mtu asije kuniambia gari linaondoka. Na wewe Juma, ile pesa ya Mama Swabra irudi kabla ya Jumapili. Usinijibu humu."

Senga Mwajuma, 14:30
Mama yangu.

Hakima Jinja, 14:52
Nimesoma nikiwa dukani nimeshindwa kushona.

Mwalimu Hassan, 15:10
Sikuwahi kusikia habari ya paa. Miaka yote hii.

Anko Juma, 18:27
Nimesikia, mama.

IJUMAA

Senga Mwajuma, 06:30
Ijumaa njema. Mpango ni huu: saa mbili kamili asubuhi tunakusanyika Nakulabye. Tukifika tunaingia Bujjabukula, lile lango la nyasi, taratibu, kwa mwendo wa Jaja. Watoto waonyeshwe nyumba ya ngoma. Kisha nyumba kubwa, Jaja akae anavyotaka. Baada ya hapo Mwalimu awachukue watoto kwenye mituba. Nilipita Jumatano jioni, nimezungumza na watu wa langoni, wamesema mzee kama yule njoo naye mapema kabla jua halijawa kali. Hakuna kupiga picha ovyo bila kuuliza.

Hamza, 06:58
Pilau sijaona kwenye mpango

Mama Swabra, 07:15
Pilau nitapika mimi. Lakini gari lianze kwangu ndipo liende kwa wengine wote. Sisimami tena barabarani na sufuria.

Senga Mwajuma, 07:16
Litaanza kwako, wifi. Nimesikia.

Senga Mwajuma, 07:17
Idi, gari?

Anko Juma, 11:03
Jumapili nina kikao cha msikiti asubuhi. Nitawafuata kwa boda.

Senga Mwajuma, 11:05
Kikao cha saa ngapi?

Mwalimu Hassan, 16:44
Mwajuma, mkeka wa Jaja ubebe ule wake wa nyumbani. Magoti yale hayakubali sakafu yoyote.

JUMAMOSI

Mama Fahmi Mombasa, 08:20
Assalamu alaikum ndugu. Tuko Busia, foleni ndefu lakini salama. Fahmi amesoma maneno ya Bibi yote usiku ndani ya basi, anauliza upande gani wa paa, wa lango au wa nyuma?

Senga Mwajuma, 08:24
Mwambie atamuuliza mwenyewe kesho. Karibuni sana.

Fundi Idi, 13:50
Ndio nimeona ujumbe. Gari liko gereji, gia haiingii. Fundi amesema huenda jioni.

Senga Mwajuma, 13:51
Huenda?? Idi, Jaja ana miaka 16 hajaliona paa lile.

Fundi Idi, 13:55
Najua Senga. Nimekaa hapa hapa gereji, siondoki. Likishindikana nitatafuta la rafiki, ila hilo la rafiki ni viti saba.

Hakima Jinja, 14:02
Saba hatutoshi. Tuko kumi na moja, bila Anko Juma.

Hamza, 14:03
Mimi na Swabra tupande boda. Viti wapewe Jaja na wageni.

Mama Swabra, 14:20
Na sufuria?

Anko Juma, 19:36
Shemeji, nimetuma. Angalia simu.

Mama Swabra, 19:52
Nimeona. Ni nusu.

Anko Juma, 19:58
Nusu nyingine mwisho wa mwezi. Na ile siku ningesimamisha gari. Nilikuona.

Mama Swabra, 20:15
Mchele nimeshaloweka.

Senga Mwajuma, 20:17
Saa mbili kamili. Linaanza kwa Mama Swabra, halafu kwa Jaja. Idi, niambie, gia imeingia?