Miezi minne bimkubwa anatibiwa taifodi na UTI, kumbe ni TB. Hivi hawa madokta huwa wanatusikiliza?

Wakuu, nimejikaza wiki nzima nisiandike, nimeshindwa. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa bima, hapa sizungumzii bima.

Bimkubwa alikuja kwangu Gongo la Mboto kutoka Kilosa mwezi wa pili. Homa za jioni, mwili umechoka, chakula hataki, kikohozi cha hapa na pale. Jirani akatuelekeza zahanati moja ya binafsi, safi kweli, kiyoyozi kinavuma, TV ukutani. Tukaingia kwa dokta (namwita dokta kwa heshima tu, kitambulisho hakuvaa). Bimkubwa hajakaa vizuri kwenye kiti, jamaa ameshashika kalamu.

"Mama unasumbuliwa na nini?"

"Homa mwanangu, halafu usiku huwa..."

Basi. Hiyo "usiku huwa" hakuimalizia. Karatasi ya maabara ikasukumwa mezani: malaria, Widal (kile kipimo cha taifodi), mkojo, choo, damu. Sh 48,000. Nusu saa baadaye majibu: malaria hakuna, taifodi ipo, UTI ipo. Akaandikiwa cipro, antibiotiki ya vidonge, na sindano za siku tano.

Nawauliza, kuna mtu humu ameshaingia zahanati za huku mtaani akatoka bila taifodi na UTI? Nenda na goti, UTI. Nenda na mafua, taifodi imeanza. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Widal haimtafuti mdudu wa taifodi mwenyewe, inatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza kupambana naye. Na hao askari wengi wetu tunatembea nao, ukizingatia maji tunayokunywa. Kwa hiyo ile "O 1:160" ya kwenye majibu ya Widal aliyoizungushia duara la kalamu nyekundu kana kwamba amekamata mwizi, peke yake haithibitishi kitu. Uhakika ni kuotesha damu maabara, kuona kama mdudu mwenyewe yumo. Mimi fundi aluminiamu nimelijua hilo kwa simu, bando la buku. Yeye aliyelisomea darasani halijui?

Bimkubwa akapata nafuu wiki moja hivi, homa ikarudi. Tukarudi. "Hii ni taifodi sugu." Akapewa azuma, antibiotiki nyingine. Mwezi wa nne tukahamia zahanati nyingine: Widal, mkojo, taifodi, UTI, yaani utadhani wanapigiana simu. Mwezi wa tano hospitali kubwa kidogo, akalazwa siku mbili, dripu, bili sitaki hata kuitaja. Kufikia hapo kitenge kile kile alichokuja nacho anakizungusha mwilini karibu mara mbili. Namwambia dokta wa tatu mama amepungua sana. Ananijibu akiwa anaangalia kompyuta: "Mama ana mawazo."

Sasa sikieni TB ilivyopatikana. Mwezi wa sita mke wangu alikuwa na zamu kazini, bimkubwa akampeleka mjukuu kliniki kupimwa uzito, zahanati ya serikali, ile ya mabenchi ya mbao na feni bovu. Nesi anapima watoto huku anasikia mtu anakohoa nyuma. Akageuka. "Bibi, hicho kikohozi kina muda gani? Wiki mbili zimepita? Homa? Jasho usiku? Umepungua?"

Maswali yenyewe ni hayo tu, bure. Bimkubwa anasema jasho la usiku ndilo alilokuwa anataka kumwambia yule wa kwanza. Akapewa kikopo cha makohozi, yakapimwa kwenye GeneXpert, mashine ya kupima TB. Jibu: TB. Dawa bure, miezi 6. Huyo nesi ndiye aliyetueleza kwamba cipro iko kwenye ukoo wa dawa zinazoweza kumpumbaza mdudu wa TB kwa muda, mgonjwa akaonekana kapona. Kumbe ile nafuu ya wiki moja ndiyo iliyotumaliza.

Kinachonichoma zaidi ni mwanangu. Ana miaka mitatu, na miezi yote hiyo amelala godoro moja na bibi yake. Amepimwa, hana, ila ameanzishiwa dawa za kinga.

Mwaka 2007 pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walioitwa Emmanuel walipishanishwa, wa goti akapasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilitikisika. Haya ya kwetu ya zahanati za mtaani hayatikisi mtu, kwa sababu hakuna aliyepasuliwa. Unakohoa taratibu tu.

Najua mtakaokuja kusema madaktari ni wachache, foleni ndefu, mishahara. Kule kwenye kiyoyozi tulikuwa watu wawili kwenye foleni! Foleni ilikuwa kwa yule nesi. Na mtakaoniambia niende Baraza la Madaktari, niende na nini? Karatasi nilizonazo hazina jina la aliyeandika, sahihi yake kama sisimizi kapita na wino.

NYONGEZA: Hili la jana. Bimkubwa kaniita asubuhi kaninyooshea kopo, mkojo rangi ya chungwa kabisa. "Unaona? UTI imerudi. Hivi vidonge vyenu sivitaki." Nikamwambia mama, nesi si alituambia siku ile, tena mbele yako, kwamba dawa hizi hubadilisha rangi ya mkojo, tusiogope?

Akaniangalia. "Na yule wa kwanza naye si alituambia?"

Jioni natandika kitanda chake, vidonge vitatu vya siku hiyo nimevikuta chini ya mto.