A Level, AP au krediti za mtandaoni kwa mtoto anayesomea nyumbani: tuanze na ipi?

Baba_Makena
Wadau, hamjambo. Binti yangu anasomea nyumbani, tuko Ruaka. Hesabu na sayansi za sekondari amezimaliza na anachoka kurudia. Nataka Januari aanze masomo ya kiwango cha chuo. Nina njia tatu: A Level za Cambridge (mitihani ya Uingereza ya kuingilia chuo) akiwa mtahiniwa wa kibinafsi, AP za College Board (mitihani ya Marekani ya kiwango cha chuo), au kozi za mtandaoni za Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, zenye krediti, yaani pointi zinazohesabiwa kwenye shahada. Pesa natakiwa kulipa kabla ya mwisho wa mwezi. Ipi inafaa?

Mama_Tindi
Ana umri gani, Baba Makena? Amefanya IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari, kabla ya A Level), au amemaliza vitabu tu? Na chuo mnalenga wapi, hapa, Marekani au Uingereza? Bila hayo matatu kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Mwalimu_Kinoo
Mimi nasema A Level bila kusita. Ofisi za usajili za vyuo vyetu zimeizoea, na "principal pass" mbili (kufaulu masomo mawili ya A Level) zimeandikwa kwenye masharti ya vyuo vikuu vingi hapa. Hesabu (9709) ni karatasi nne: Pure 1 na Pure 3 (hesabu za nadharia), kila moja alama 75, kisha mbili za matumizi zenye alama 50 kila moja. Mitihani iko Mei/Juni na Oktoba/Novemba. Kabla ya kulipa chochote, mpe karatasi ya zamani ya Pure 1 kwa saa 1 na dakika 50, bila msaada. Asipofika 60 kati ya 75, tatizo ni aljebra na trigonometria, na Pure 3 itamwangusha kwenye logi (logarithms) na kanuni za usawa za trigonometria (identities). Watoto wepesi hushika kanuni za kutofautisha (differentiation) kwa wiki moja, halafu wanapoteza alama kwa kurahisisha sehemu (fractions) vibaya.

Nyota_ya_Rongai
AP ni mtihani mmoja mwezi Mei, umemaliza. Calculus BC ni saa 3 na dakika 15: maswali 45 ya kuchagua na 6 ya kuandika, kila kundi likibeba nusu ya alama. Gredi ni 1 hadi 5, na vyuo vingi vya Marekani hutoa krediti kwa 4 au 5. Tatizo la Nairobi ni kituo. Mtihani hufanyiwa kwenye shule inayoendesha AP, na shule ndiyo huamua kama itapokea mtoto wa nje. Maagizo ya kawaida ya mitihani hufungwa katikati ya Novemba, kwa hiyo ukianza kuuliza Januari huenda umechelewa kwa Mei hiyo.

Baba_Makena
Ana miaka 13. IGCSE hajafanya. Chuo labda Marekani, labda hapa. Anapenda zaidi kemia.

Maabara254
Kemia! Ndugu, hilo ulipaswa kulitaja kwanza, kwa sababu linabadilisha kila kitu.

Kuna mtoto wa kikundi kimoja cha wazazi aliyesajiliwa AS (nusu ya kwanza ya A Level) ya Kemia ya Cambridge (9701) kwenye kituo ambacho sitakitaja. Nadharia aliimaliza mwaka mzima kabla. Usajili ulikubaliwa, ada ikapokelewa. Wiki chache kabla ya mtihani mzazi akauliza maabara ni ya saa ngapi, akaambiwa watahiniwa wa nje hawaingii maabara ya kituo hicho. Karatasi ya 3 ya vitendo ni saa 2, alama 40, asilimia 23 ya AS. Si ya hiari. Vituo vingine vilikuwa vimeshafunga usajili. Ikabidi asubiri Oktoba, alipiwe upya, na mpango wa kumaliza A Level nzima ukasukumwa mbele pia, maana matokeo ya AS hubebwa kwa miezi 13 tu kukamilisha A Level.

Hata angeingia maabara angepata taabu. Alikuwa hajawahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika. Mtahini anataka usomaji hadi 0.05 cm³ na matokeo yanayokaribiana ndani ya 0.10 cm³. Hilo ni zoezi la mkono na jicho, video haikufundishi. Kwa hiyo ombeni barua au baruapepe ya kituo inayosema wazi kwamba maabara imo, pamoja na tarehe.

Mama_Tindi
Ndiyo maana watu huhamia International A Level ya Edexcel, bodi nyingine ya mitihani ya Uingereza. Kemia na Fizikia zao zina karatasi ya ujuzi wa maabara inayofanywa kwa maandishi: Unit 3, saa 1 na dakika 20, alama 50. Tena ni moduli, unaweza kufanya Unit 1 msimu mmoja na nyingine msimu ujao, Januari ikiwemo. Kwa mtoto wa miaka 13 hilo ni jambo kubwa.

Maabara254
Mama Tindi, nakubali kuhusu usajili. Lakini mtoto anayependa kemia kisha afike chuoni bila kupima chochote kwa mkono tumemnyima. Vyuo vitamtupa maabara wiki ya kwanza.

Nyota_ya_Rongai
Maabara ya Jumamosi inaweza kukodiwa na wazazi sita. Suala la krediti je? Arizona State unalipa dola 25 kuanza, na dola 400 ukishaona gredi na kuamua iingie kwenye rekodi. Akipata C, unaiacha. Hakuna karatasi ya taifa inayokupa nafasi hiyo.

Mwalimu_Kinoo
Sawa, ila angalieni saa. Darasa la moja kwa moja la saa moja jioni New York ni saa tisa usiku hapa wakati wa baridi yao, saa nane majira ya joto. Chagueni kozi zisizo na vipindi vya moja kwa moja. Na mtoto ambaye hajafika umri wa chuo asipewe mzigo wa chuo. Kozi ya kalkulasi ya chuo cha MIT, 18.01, imehesabiwa saa 12 kwa wiki kwa wiki 14. Kwa saa 5 kwa wiki hiyo ni kama wiki 34, mwaka mzima wa nyumbani. Vitabu vya OpenStax vya kalkulasi ni vitatu na ni bure, msinunue vingine kwanza.

Zuhura_K
Mbona hakuna anayeuliza Kiingereza cha kuandika? Binti wa kemia bila insha atakwama maombi ya Marekani, na hata hapa atadaiwa cheti cha lugha. IGCSE ya Kiingereza kwanza.

Mwalimu_Kinoo
Insha zinaweza kusubiri mwaka. Hesabu haisubiri.

Zuhura_K
Hapana, Mwalimu. Kuandika hoja kunachukua muda mrefu kuliko kutofautisha. Apate marekebisho ya mtu kila wiki, si programu.

Baba_Makena
Kituo cha Westlands wamenijibu: Cambridge ndiyo, maabara hawajasema. Na kalkuleta ya grafu ya AP ni ghali sana.

Nyota_ya_Rongai
Usinunue. Bluebook, programu ya kufanyia mitihani ya AP, ina Desmos, kalkuleta ya grafu, ndani yake.

Mwalimu_Kinoo
Na Cambridge hairuhusu ya grafu kabisa. Ya kisayansi ya kawaida inatosha.

Maabara254
Baba Makena, usilipe kabla ya barua ya maabara. Wazazi wa Ruaka na Banana, nani ana bureti za 50 cm³ na pipeti za 25 za kukodisha?