Kibodi ya laptopu ya zamani inagoma: programu, kibodi mpya au ya USB?

Msakatonge
Wakuu, laptopu yangu ni ya zamani lakini kazi zangu zote za kuandika ziko humo. Kibodi imeanza kugoma: kuna herufi zinazokufa kwa pamoja, na siku nyingine haiitiki kabisa. Tachipedi haina shida. Nihangaike na programu, ninunue kibodi nyingine, au nichomeke ya USB niachane na hii ya ndani?

Nyuzi_na_Bati
Usinunue chochote bado. Jaribu mashine nje ya Windows. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla ya Windows kuanza) inapowaka uone kama mishale na Enter vinaitika. Herufi zenyewe zipime kwa kuwasha Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi. Zikifanya kazi huko, kibodi ni nzima na tatizo ni la Windows.

Kalamu_Nyeusi
Naunga mkono, ila programu usiidharau. Ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, Windows hukuuliza kama iwashe mpangilio wa kupuuza mibonyezo mifupi. Ukikubali bila kusoma, kibodi nzima itaonekana imekufa. Uzime kwa tachipedi kwenye mipangilio. Halafu iondoe kibodi kwenye orodha ya vifaa, na uchague Restart, usizime tu. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huenda kukahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski, kwa hiyo hitilafu ya draiva (programu inayoendesha kibodi) inaweza kurudi nayo. Nywila utaiandika kwa kibodi ya kwenye skrini.

Msakatonge
Nimejaribu yote. Kwenye Linux herufi zinazokufa ni zilezile, hata zile zisizokaa jirani.

Nyuzi_na_Bati
Basi Windows haina hatia. Chini ya vitufe kuna njia za umeme za safu na za nguzo zinazokatizana, na kila kitufe ni makutano ya njia mbili. Njia moja ikikatika, vitufe vyake vyote hunyamaza pamoja, hata kama vimetawanyika. Mara nyingi chanzo ni waya bapa unaounganisha kibodi na ubao mama: umelegea, au ncha zake zimeshika kutu. Na kwa kuwa siku nyingine inakufa yote, mimi nashuku huo waya.

Chomoa chaja na betri kwanza. Fungua kishikizo cha waya taratibu, maana plastiki ya zamani hukatika kirahisi. Safisha ncha kwa spiriti, acha zikauke, rudisha waya ukiwa umenyooka. Ukikuta betri imevimba, simama hapo hapo: inaweza kuwa ndiyo inayosukuma kibodi kutoka chini, na kuibonyeza ni hatari ya moto.

Jioni_Njema
Mimi natetea USB. Kama mashine haitoki mezani, utaandika vizuri kuliko kwenye ile ya ndani. Lakini kibodi mbovu huweza kujibonyeza yenyewe, kwa hiyo chomoa waya wake kabisa. Angalia pia kama BIOS inaitambua kibodi ya USB mashine ikiwaka. Kwenye mashine nyingine kuu kuu lazima uruhusu kwanza.

Kalamu_Nyeusi
Uamuzi wa kubadilisha unategemea ilivyofungwa. Zilizoshikwa kwa skrubu na vibanio hutoka bila vita. Zilizopigwa ribiti kwenye kava la juu zinataka kazi kubwa, na hapo USB inashinda. Kama iliwahi kumwagikiwa soda au chai ya sukari, usiisumbukie kuisafisha. Badilisha.

Msakatonge
Haijawahi kumwagikiwa, na yangu ni ya skrubu. Naanza na waya. Ukigoma nabadilisha, maana nasafiri nayo.

Nyuzi_na_Bati
Sawa kabisa. Ukishaitoa, piga picha namba ya nyuma ya kibodi pamoja na ncha ya waya. Jina la modeli ya laptopu halitoshi: modeli moja inaweza kuwa na kibodi tofauti, umbo la Enter tofauti, hata waya unaotokea upande mwingine.