Kundi la taarab kutoka Tanga kwenda Mombasa na Malindi, habari za ghasia zimeingia: twende, tusubiri au tuahirishe?

udi_na_ganuni

Wakuu, salaam. Kundi letu la taarab lina watu 11 pamoja na dereva, Coaster moja, vyombo na mizigo humo humo. Ijumaa tunapiga Mombasa, Jumamosi harusini Malindi, Jumapili tunarudi Tanga. Tangu jana usiku simu zinamiminika taarifa za ghasia huko tunakokwenda. Inasemwa watu wameuawa na maduka yamechomwa. Picha ni nyingi, ila haijulikani ipi ya jana na ipi ya miaka iliyopita. Waimbaji wetu wawili wana ndugu huko na hawajawapata hewani.

Nusu ya malipo tumeshapokea, na imeshaingia kwenye mafuta na sare. Wanaojua safari za namna hii watusaidie: uamuzi wa kwenda au kutokwenda unafanyikia wapi, na kwa kigezo gani? Tukisimama, pesa inakuwaje? Na tukifika salama, tunapandaje jukwaani kuimba mapenzi na mipasho mbele ya watu wenye msiba?

DerevaHorohoro

Ndugu, msiamue kila kitu usiku huu. Njia hiyo ina sehemu tatu ambapo mnaweza kugeuza bila hasara kubwa: Tanga penyewe, Horohoro kabla ya kuvuka mpaka, na Ukunda. Kila moja muipe sharti lake, na mmoja wenu, siyo wote 11, awe ndiye mwenye kauli ya mwisho garini.

Kutoka Tanga, sharti ni mwenyeji wenu kupiga simu ya video asubuhi hiyo hiyo akiwa amesimama barabarani mbele ya ukumbi. Ujumbe wa maandishi haufai, na sauti iliyorekodiwa ikatumwa kutoka kundi hadi kundi haifai kabisa.

Ondokeni saa 12 alfajiri. Tanga hadi Horohoro ni lami, kilomita 65 hivi kupitia Amboni na Duga Maforoni, saa moja na nusu kwa Coaster iliyojaa. Mpaka ule ni wa kituo kimoja: anayekwenda Kenya anamalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Lunga Lunga. Kwa hiyo simu ya pili kwa mwenyeji ipigwe Horohoro, gari likiwa halijaingia foleni. Hapo hapo watafuteni madereva wa mabasi na malori waliotoka Mombasa asubuhi. Wamepita barabara hiyo saa chache tu zilizopita, na hakuna gazeti linalowazidi kwa hilo. Waulizeni maswali ya kujibika: mmekuta vizuizi vingapi, vya polisi au vya raia, eneo gani, saa ngapi? Ukimuuliza mtu "hali ikoje" atakujibu "shwari" hata kama tairi zinawaka nyuma yake.

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni kama kilomita 100, kupitia Msambweni na Ukunda. Ukunda ndipo pa tatu. Pana nyumba za wageni, benki na mafuta, na bado hamjafika penye shingo ya njia, yaani kivuko cha Likoni. Fikeni hapo kabla ya saa 8 mchana. Ikipita saa 10 hamjapata jibu la uhakika kutoka kisiwani, laleni Ukunda. Msiingie mji wenye ghasia giza likiwa linashuka.

Feri ya Likoni ikisimama kwa sababu yoyote, umati unajaa upande wa kusini na gari haligeuki tena. Eneo lenyewe lina historia: ghasia za Agosti 1997 zilianza kwa kuvamiwa kituo cha polisi cha Likoni. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu ya kukwepa feri, inayoacha njia ya Likoni pale Kibundani na kupitia Mteza na Mwache hadi Miritini kwenye barabara ya Nairobi. Na kama onyesho la Mombasa limefutwa lakini harusi ya Malindi ipo, si lazima mguse kisiwa: kutoka Miritini shikeni Mazeras, Kaloleni, mpaka Kilifi.

Mafuta jazeni Tanga mpaka shingoni. Tangi la lita 95, kwa kilomita 7 kwa lita, linafika Mombasa na kurudi Tanga bila kutegemea kituo chochote cha njiani, na akiba inabaki. Ila msibebe petroli ya jenereta kwenye madumu. Kipindi cha uchomaji, dumu la petroli kwenye gari la wageni ni kesi kamili hata mkiwa na risiti.

Mratibu_Pwani

Upande wa pesa nitakuwa mfupi, kwa sababu yote yanategemea kama mkataba wenu una kipengele cha dharura au hauna.

Kama kipo, soma kinataja nini. Kipengele kizuri hakisemi "hali ikiwa mbaya", kwa kuwa kila upande utakuwa na ubaya wake. Kinataja mambo yanayothibitika: serikali kutangaza marufuku ya kutoka usiku, polisi kuondoa kibali cha onyesho, barabara au kivuko kufungwa, ukumbi kufungwa. Moja likitokea, onyesho linahamishwa ndani ya siku 90, malipo ya awali yanabaki kama amana ya tarehe mpya, na gharama za usafiri zilizokwisha kutumika zinagawanywa nusu kwa nusu.

Kama hakipo, mwandikieni mwenyeji leo mkipendekeza maneno hayo hayo, naye ajibu kwa maandishi. Pendekezeni kuahirisha, msitumie neno kufuta. Anayefuta ndiye anayedaiwa. Naye mwenyeji ana maslahi ya kuahirisha, kwani ukumbi mtupu unamuumiza kuliko mnavyoumia nyinyi.

Angalieni bima ya gari pia. Kadi ya njano ya COMESA inagharamia madhara mtakayowasababishia wengine mkiwa Kenya. Gari lenu likivunjwa vioo au kuchomwa na umati ni suala jingine, na bima nyingi hazilipi uharibifu wa ghasia mpaka kipengele hicho kiongezwe na kulipiwa mapema. Mpigieni wakala kabla ya kuondoka, mkiwa bado mna muda wa kuongeza.

Kwa safari zijazo, msipange maonyesho Kenya karibu na uchaguzi. Uchaguzi mkuu wao ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaokuja ni 10 Agosti 2027. Tena hatari haiko siku ya kura peke yake. Mwaka 2007 kura ilipigwa 27 Desemba, moto ukawaka baada ya matokeo kutangazwa tarehe 30, na makubaliano ya kugawana madaraka hayakutiwa saini mpaka 28 Februari 2008. Acheni wiki mbili kabla na mwezi mzima baada.

bashrafu_kwanza

Swali lenu la tatu ndilo zito. Barabara mtaulizana na madereva, lakini wimbo usiofaa ukishatoka spikani haurudi.

Taarab imejengwa juu ya mafumbo. Msikilizaji wa pwani amezoea kujiuliza "huyu anasemwa nani?" kila anaposikia ubeti. Siku za kawaida jibu ni jirani au mke mwenza. Mji ukiwa umegawanyika, jibu linakuwa kabila, dini, chama, au mtaa wa ng'ambo. Ubeti wa "mgeni hajui kwao" mlioutunga kwa ajili ya ugomvi wa mapenzi utasikika kama tamko la kisiasa. Kwa hiyo kaeni leo, chukueni orodha nzima ya nyimbo, na kila wimbo usomwe maneno kwa sauti bila muziki. Wowote unaotaja mgeni na mwenyeji, moto, damu, kisasi, kumfukuza mtu, au mwenye mali na asiye nayo, uwekwe pembeni. Mipasho yote iondoke, hata ile inayopendwa kuliko zote. Watu wakiiomba, kiongozi ajibu kwa upole kwamba leo hatupigi, asieleze zaidi.

Mpangilio: anzeni na bashrafu, na muipige mara mbili kama ukumbi unaihitaji. Taarab inayo desturi hii tayari, kufungua kwa kipande kisicho na maneno, na usiku wa namna hiyo ndipo utaiona thamani yake. Watu wanapata dakika za kukaa, kutazamana na kutulia bila kuambiwa wahisi nini. Ganuni itangulie peke yake kwa taksimu, yaani upigaji wa kubuni papo hapo, ya dakika mbili hivi, udi ujibu, ndipo fidla na dumbaki (ngoma ndogo ya mkono) viingie. Sauti iwe chini kuliko kawaida. Watu waliolala wakisikia milio ya risasi hushtushwa na ngoma kali, kwa hiyo fundi wa sauti apunguze besi na mdundo mzito wa ngoma, na asijaribu vipaza sauti kwa mlio wa ghafla milango ikishafunguliwa.

Baada ya bashrafu, mzee wa mji, siyo kiongozi wenu, aseme maneno machache. Dua au kusimama kimya, aamue yeye anayewajua watu wake. Kundi lisitaje idadi ya waliokufa wala nani amefanya nini. Idadi hubadilika kila saa, na ukitaja upande mmoja umeshachagua. Kisha nyimbo za wasia, za mama, za subira, za kumsifu Mungu. Za mapenzi zifuate zile za huzuni na masafa. Nyimbo nane ndefu zinatosha, mmalize saa 3 usiku ili watu wafike makwao mapema.

Kutunza kutapungua sana. Wengi hawatainuka kucheza na kumtuza mwimbaji wakati mtaa una msiba, na wala wasihimizwe. Hesabu ya safari isitegemee tuzo hata shilingi. Na mkiona heri, tuzo zote za usiku huo zikabidhiwe kwa mzee yule yule kwa ajili ya wafiwa, mbele ya watu, bila hotuba.

Harusi ya Malindi ni habari nyingine. Waulizeni wenye shughuli, wala msiwaamulie. Familia nyingi zitataka ndoa ipite na ngoma ipunguzwe. Watu wanne, udi, fidla, dumbaki na mwimbaji mmoja, wanaweza kuibeba sebuleni.

fundi_wa_nyuzi

Nyongeza kuhusu vyombo, kwa kuwa kizuizi kimoja kinaweza kuwaweka juani kwa muda wa saa nne.

Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70 na daraja lake linakalia ngozi. Gari lililofungwa likiegeshwa juani, gundi inalainika na mvuto wa nyuzi unavuta mbao. Legezeni nyuzi zote kwa toni nzima kabla ya kuondoka Tanga, mlegeze taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Udi vilevile. Vilazwe sakafuni katikati ya gari, mbali na dirisha, na visiwekwe kabisa juu ya injini. Mkisimama zaidi ya nusu saa, vitoke vikae kivulini na mtu wa kuviangalia.

Stendi za vipaza sauti na za spika zikiwa kwenye mifuko mirefu myeusi zinafanana na silaha kwa askari aliyechoka. Ziwekeni juu ya mizigo, mifuko ikiwa wazi. Sare zenye madoa ya kijeshi ziacheni nyumbani, ni kosa kwa raia pande zote mbili za mpaka. Andaeni orodha ya vyombo, jina, rangi na namba ya kila kimoja, nakala nne, na iombeeni muhuri wa TRA wakati wa kutoka. Bila hiyo, Jumapili mtaulizwa ushuru wa kinanda chenu wenyewe.

udi_na_ganuni

Ahsanteni sana. Orodha ya nyimbo tunaipitia leo baada ya Isha. Je, wale waimbaji wawili, wakifika mpaka hawajapata habari za ndugu zao, tuwashurutishe kuendelea?

bashrafu_kwanza

Hapana. Mwimbaji asiyejua kama kaka yake yu hai hawezi kushika pumzi ya ubeti mrefu, na hastahili kuombwa. Gawaneni nyimbo zao leo na mjaribu funguo mpya kabla ya kupanda jukwaani. Wao waamue wenyewe, na akitaka kurudi Tanga kutokea Horohoro, nauli yake itoke mfuko wa kundi.

DerevaHorohoro

Na mjiandae mtandao kukatika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa hapa kwetu Tanzania kwa siku kadhaa na Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutoka usiku. Anayeweka kila kitu kwenye simu anakwama na pesa zake, ramani na namba za watu. Mbebe shilingi za Kenya taslimu za chakula, malazi na mafuta ya siku mbili, mzigawe kwa watu watatu. Namba za mwenyeji, za nyumba ya wageni Ukunda na za Ubalozi mdogo wa Tanzania ulioko Mombasa ziandikwe kwenye karatasi, kila mtu na yake mfukoni. Pangeni pia saa za kupiga Tanga: mkifika Horohoro, mkifika Ukunda, mkifika kulala. Mtu mmoja tu nyumbani apokee na kuwaarifu wengine, familia 11 zisipigiane kila moja na uvumi wake.