Je, Midway ndiyo iliyoua nguvu ya anga ya Wanamaji wa Japani?

Mdadisi wa Kilindini:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Aprili 1942 ndege za manowari za Kijapani zilishambulia Colombo na Trincomalee, zikaizamisha Hermes, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, na Waingereza wakahamishia makao ya kikosi chao Kilindini, hapa Mombasa. Juni 1944, katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino, wanamaji hao hao walipoteza ndege zaidi ya 300 kwa siku mbili. Je, chanzo ni mapigano ya Kisiwa cha Midway ya Juni 1942, dhidi ya Wamarekani?

Mzee wa Ramani:
Midway iliwaumiza, ila tusiitwishe mzigo wote. Manowari nne za Kijapani za kubeba ndege zilizama, lakini marubani wengi waliokolewa. Kilichowamaliza ni mapigano ya kisiwa cha Guadalcanal, katika Visiwa vya Solomon, kuanzia Agosti 1942. Kutoka Rabaul, kambi ya Wajapani, hadi huko ni karibu kilomita 1,000, na rubani aliyekwisha kupigana alirudi umbali uleule juu ya maji matupu, akiwa ndani ya Zero, ndege ya kivita ya Kijapani ambayo matangi yake ya mafuta hayakukingwa dhidi ya risasi. Rubani mmoja, Saburo Sakai, alijeruhiwa kichwani Agosti 7, jicho la kulia likapofuka, na bado akairusha ndege zaidi ya saa nne mpaka akatua Rabaul. Wenzake wengi hawakurudi.

Mwalimu wa Historia:
Nakubaliana na Mzee, na nadhani kosa kubwa lilikuwa la mafunzo. Kabla ya vita Japani iliwachuja wanafunzi kwa ukali mno, ikapata mabingwa wachache, kisha ikawaacha mstari wa mbele hadi wakafa, ilhali Marekani iliwarudisha wengi wa marubani wake wazoefu wakafundishe wengine. Katika mapigano ya Visiwa vya Santa Cruz, Oktoba 1942, Wajapani waliizamisha Hornet, manowari ya Marekani ya kubeba ndege, lakini walipoteza marubani na wasaidizi wao ndegeni 148, wengi kuliko Midway. Ndege mpya zilipatikana. Watu wa kuzirusha hawakupatikana. Mwaka 1944 manowari za Admirali Ozawa wa Japani zilitia nanga Tawi-Tawi, huko Ufilipino, mahali pasipo na kiwanja cha ndege, huku nyambizi za Marekani zikivizia nje, hivyo vijana ambao tayari hawakuiva wakakaa majuma kadhaa karibu bila kuruka, halafu wakatumwa kukabiliana na Hellcat, ndege za kivita za Marekani zilizoongozwa kwa rada. Nikiwafikiria vijana hao, roho inaniuma.

Mdadisi wa Kilindini:
Shukrani, Mwalimu. Manowari za kubeba ndege zilizobaki zilifanya nini?

Mzee wa Ramani:
Oktoba 1944 Ozawa alipeleka nne kuelekea Ufilipino, zikiwa na ndege zipatazo mia moja tu, ziwe chambo cha kumvuta Halsey, admirali wa Marekani, kaskazini. Halsey alivutika, na zote nne zikazama Oktoba 25. Mojawapo ilikuwa Zuikaku, ya mwisho kati ya zile sita zilizoshambulia Pearl Harbor, kambi ya Wanamaji wa Marekani, Desemba 1941.