Wakuu nipeni vya kufuatilia kila wiki, ila visizidi vitatu

Mchovu_wa_Listi

Habari za muda huu wakuu. Shida yangu ni ndogo ila inanisumbua kweli. Listi yangu ya vitu vya kuangalia imefika mahali hata kuifungua naogopa. Mwezi uliopita nilijitwika tamthilia sita kwa mpigo, podikasti nne na chaneli sijui ngapi, matokeo yake sijamaliza hata kimoja, nachanganya mpaka watu, mpelelezi wa huku namtafuta kwenye hadithi ya kule. Afu kila nikikaa na washkaji wanapiga stori ya kipande cha juzi mimi bado nipo vitatu nyuma, naziba masikio kama mtoto.

Sasa nimekata shauri, nina jioni mbili kwa wiki basi. Nataka vitu vinavyotoka kidogo kidogo kila wiki, yani vile ambavyo hata kule kuvisubiri kuna raha yake. Tamthilia moja, kitu kimoja cha muziki, na kimoja cha kunichekesha ama cha kusikiliza. Tafadhali msinimwagie majina ishirini, nipe kimoja na uniambie kwanini. Na spoila HAPANA.

Naomba kuwasilisha.

Arosto_Sugu

Mkuu kwenye tamthilia nakupa The Pitt na sitaki ubishi.

Ilianza Januari 2025, ni chumba cha dharura cha hospitali moja mjini Pittsburgh, na msimu mzima ni zamu MOJA. Vipande 15, kila kipande ni saa moja ya zamu ile ile. Na hapa kuna kitu wenye lugha zao hawakijui ila sisi tunakula uhondo bure, zamu inaanza saa moja asubuhi, kwaiyo kwa saa zetu namba ya kipande ndo saa yenyewe. Kipande cha tano ni saa tano, cha kumi ni saa kumi, huna haja ya kuuliza wamefika wapi. Cha 13 saa inarudi moja, usiku sasa, na vipande bado viwili, hesabu mwenyewe hao watu wamechoka kiasi gani.

Stelingi ni Noah Wyle. Wale wa zamani mnamkumbuka kwenye tamthilia ya ER tangu 1994 akiwa daktari mwanafunzi, leo ndo mzee wa kazi anafundisha watoto. Septemba 2025 wakachukua Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, ya tamthilia bora, na msimu wa pili ukaanza Januari 2026 kwa mtindo ule ule.

Kwanini uisubiri kila wiki na usiifakamie? Kwasababu mimi niliifakamia. Vipande vitano usiku mmoja, damu, kilio, mgonjwa anatoka mgonjwa anaingia, mpaka nikawa siumii tena, mtu anakufa pale mi nawaza tu kipande kinachofuata. Nilipoirudia kimoja kimoja ndo nikaona nilichopoteza, kuna wauguzi wanapita kwa nyuma kwenye picha wana hadithi zao kamili kabisa na mara ya kwanza sikuwaona hata mmoja.

Nasubiri_Iishe

Samahani mkuu ila mi napinga hoja yenyewe. Kusubiri kila wiki si raha, ni biashara. Tamthilia ya vipande 10 ikitoka kwa wiki 10 wewe unalipia apu miezi mitatu, ikitoka yote siku moja unalipia mmoja unasepa. Hawa jamaa si wajinga. Netflix ndo waliotuzoesha vizuri Februari 2013 waliposhusha House of Cards vipande vyote 13 kwa siku moja, watu wakaona kumbe inawezekana. Leo hao hao wanakatakata, Stranger Things msimu wa mwisho vipande 8 tu wamevitoa kwa mafungu matatu, Novemba, Krismasi, afu cha mwisho mkesha wa mwaka mpya. Kipande kimoja! Kama dozi ya hospitali.

Na usije ukajichanganya ukaanza kitu ambacho msimu ujao hujui ni lini. Severance msimu wa kwanza uliisha Aprili 2022, wa pili ukaja Januari 2025, na ule mwisho wa msimu wa kwanza wale walioona wanajua walituacha tunaning'inia wapi. Nilikuja kuanza upya mwanzo kabisa maana nilikuwa nimesahau nani ni nani, na tamthilia yenyewe inahusu watu waliosahau, nikahisi wananicheka.

Ushauri wangu, subiri iishe ndo uanze. Ama chukua Adolescence, ya 2025, vipande vinne tu, kila kimoja kimepigwa kwa kamera moja bila kukata hata mara moja mwanzo mpaka mwisho. Jioni mbili zako hizo hizo, viwili viwili, umemaliza. Ila si ya kucheka, jiandae.

Bibi_wa_Rimoti

Wanangu mnabishana na mambo ya juzi. Mwezi wa tatu 1980 kwenye tamthilia ya Dallas yule J.R., tajiri mbaya wa mafuta, alipigwa risasi, msimu ukaisha hapo hapo, hatukuambiwa nani kafyatua. Kungoja mpaka mwezi wa kumi na moja! Waigizaji nao wakagoma katikati ikazidi kuchelewa, kama ule mgomo wenu wa 2023. Na ili siri isivuje waliwapiga picha waigizaji kadhaa tofauti kila mmoja akifyatua, hata wenyewe kwenye seti wasijue wa kweli ni nani. Siku ilipotoka jibu, Marekani peke yake walikaa mbele ya runinga kama watu milioni 83.

Jibu lenyewe, niwaambie ukweli, halikuwa la ajabu sana. Lakini ile miezi minane tuliyobishana! Mi nilikuwa na majina matatu, yote nilikosa, na shemeji yangu mpaka leo ananikumbusha.

Kwaiyo wewe Nasubiri_Iishe ukisubiri iishe utapata jibu, ubishi hutaupata. Mchovu kaeleza mwenyewe anachokosa ni kukaa na wenzake wakiongea. Hajasema anakosa muda wa kumaliza.

Nasubiri_Iishe

Shikamoo bibi. Hapo umenibana. Ila bado nalipia miezi mitatu 😂

Arosto_Sugu

Bibi kamaliza kesi hahaha. Ila ngoja nimpe Nasubiri haki yake kidogo, kuna njia ya katikati na wachache wanaitumia. Andor, tamthilia ya Star Wars, msimu wa pili, 2025, walitoa vipande vitatu vitatu kwa wiki nne, na kila fungu la vitatu ni mwaka mmoja wa hadithi. Yani kila wiki unapata kama muvi nzima yenye mwanzo na mwisho, afu unapewa wiki ya kupumua na kubishana. Ingekuwa amri yangu zote zingetoka hivyo. Nasikitika tu imeshaisha, ila Mchovu ukitaka unaweza kujipangia mwenyewe, vitatu kwa jioni, na mwisho wake ni pale ambapo

*(mod: mstari umefutwa, mwenye mada kaomba spoila hapana)*

Arosto_Sugu

Daah samahanini wakuu, vidole viliniponyoka.

Sikio_Moja

Nimepita kimya kimya naona wote mmemjibu tamthilia tu, muziki hamna mtu. Haya.

Cha kwanza mkuu, siku yako iwe Ijumaa. Hii si mazoea tu, ni makubaliano, tangu tarehe 10 Julai 2015 albamu mpya dunia nzima zinatoka Ijumaa. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu, Uingereza Jumatatu, Marekani Jumanne, mmoja anasikiliza mwingine anaiba. Kwaiyo ukitenga jioni ya Ijumaa huna haja ya kufuatilia notifikesheni wiki nzima, zima zote, mzigo utaukuta. Na sheria yangu ni albamu MOJA, mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka wimbo. Nikiipenda naibeba wiki nzima, nikiona haieleweki naachana nayo, siisikilizi kwa kujilazimisha eti kwasababu kila mtu anaisifia.

Cha pili, na hiki ndo jibu langu hasa, Tiny Desk ya NPR, redio ya umma ya Marekani, ni tamasha dogo la ofisini wanalorekodi kwa video. Ilianza 2008 kwa hasira tu, jamaa wawili wa NPR walienda kumsikiliza dada mmoja mwimbaji, Laura Gibson, kelele za watu zikawa nyingi hawasikii kitu, wakamwambia kwa utani basi njoo uimbe ofisini kwenye meza yetu. Akaja kweli. Mpaka leo wasanii wanakuja kusimama nyuma ya meza ile katikati ya mavitabu na makorokoro, hakuna jukwaa, hakuna taa za mbwembwe, na sauti haina pa kujificha.

Anza na T-Pain, 2014. Miaka yote tulimjua ni yule wa sauti ya roboti, watu wakasema huyu bila mashine hawezi. Akakaa pale na kinanda tu, akaimba. Nilikuwa nimemponda huyu mtu miaka, nikajiona mjinga. Ukimaliza hiyo weka ya rapa Mac Miller, ilitoka Agosti 2018, mwezi mmoja baadaye akafariki. Anatabasamu pale wimbo wa mwisho, siwezi kuiangalia bila kusimamisha kidogo.

Ni kama dakika 15 hadi 20 kila moja kwaiyo hata jioni yako haili. Angalizo moja, usifungulie simu ukiwa unafanya mambo mengine, weka kitu masikioni ukae chini.

Cha kucheka Hot Ones, fupi tu, hosti Sean Evans anamhoji mtu maarufu huku wote wawili wanakula mabawa kumi ya kuku na kila bawa pilipili inapanda. Ipo tangu 2015. Wengi wanaangalia kuona watu wanalia, mi naangalia maswali, jamaa anachimba mpaka mgeni anauliza hii umeitoa wapi. Na ukishafika bawa la nane huna nguvu ya kudanganya.

Kofia_ya_Nyasi

Nimekuja mbio nikidhani One Piece imeshatajwa, kumbe bado!!! Wakuu mnaongelea kusubiri kila wiki bila kuwataja watu wa anime, katuni za Kijapani? Sisi tunasubiri tangu 1999. Manga yenyewe, yani hadithi ya picha ilikotoka anime, inatoka kwenye jarida la Weekly Shonen Jump tangu 1997, kuna watu wameanza kusoma wakiwa shule leo wana watoto shule, na hazina wanayoitafuta wale maharamia haijapatikana.

Lakini Mchovu nakuambia kama ndugu, kwa jioni mbili USIANZE. Zimepita vipande 1,100. Piga hesabu, ukiangalia vinne kwa wiki ni zaidi ya miaka mitano na hapo wao hawajasimama.

Na kwa faida ya ule mjadala wenu wa juu, huku ndo utaona ubaya wa kila wiki. Anime ilikuwa inatoka karibu kila Jumapili bila kupumzika, sasa manga haiendi mbio kiasi hicho, kwaiyo ili wasiipite wakawa wanavuta, sura moja ya kitabu kipande kizima, mtu anakunja ngumi dakika mbili, wanaonyeshwa wote waliopo uwanjani mmoja mmoja wanashangaa, afu anarusha ngumi wiki ijayo. Uchovu. Ndo maana kuanzia 2026 wameamua visizidi vipande 26 kwa mwaka. Watu walilalamika, mi nilishangilia. Kumbe hata kusubiri kunahitaji kitu cha maana mwisho wake, si kusubiri ngumi.

Ukiwa na hamu sana soma manga, inakimbia. Ila usiseme sikukuonya, hiyo arosto haina dawa.

Mchovu_wa_Listi

Wakuu nawashukuru sana, nimesoma zote. Bibi wa Rimoti shikamoo, umenisoma kuliko nilivyojisoma mwenyewe.

Nimefanya hivi. Tamthilia ni The Pitt, kuanzia msimu wa kwanza, kimoja kimoja, sifakamii. Nimeongea na mshkaji wangu mmoja ambaye naye hajaiona tuwe sawa sawa, mwenye kuzidi kipande ananunua soda. Ijumaa albamu moja na Tiny Desk moja. Hot Ones nitaiweka akiba kwa siku nimechoka. Adolescence nitaiangalia nikipata likizo maana umesema nijiandae na mi sijajiandaa. One Piece nimeifuta kwenye listi kwa machozi, pamoja na vingine kumi na saba, na notifikesheni zote nimezima.

Mchovu_wa_Listi

Narudi tena. Nimeona saa moja na saa mbili (kweli namba zinafuatana aisee!). Nimeweka ahadi ya kimoja nikaangalia viwili, mshkaji asijue. Swali moja tu, hivi huyu daktari mkubwa kila akielekea chooni anaitwa, ataenda lini?

Arosto_Sugu

Mkuu ulisema spoila hapana.